Je, Wajua? Kelmis, Mji Mdogo Uliobadilishiwa Nchi Bila Kuhama

Je, wajua kwamba kwa karibu miaka 100 palikuwa na kipande cha ardhi katikati ya Ulaya ambacho hakikuwa cha mfalme mmoja, hakikuwa na jeshi wala mahakama, na usalama wake wote ulikuwa mikononi mwa polisi mmoja tu? Kiliitwa Moresnet isiyo na upande, na mji wake ulikuwa Kelmis. Leo Kelmis uko mashariki mwa Ubelgiji, una wakazi wapatao 11,000, na una majina mawili: Kelmis kwa Kijerumani, La Calamine kwa Kifaransa. Aachen ya Ujerumani iko kilomita 10 hivi kutoka hapo, na Uholanzi inafikika kwa baiskeli.

Je, wajua ugomvi ulianzia wapi? Kwenye mgodi. Napoleon alipoangushwa, wakuu wa Ulaya walikutana Vienna mwaka 1814 na 1815 kugawana upya nchi alizokuwa ameziteka. Katika kona hii Uholanzi na Prussia zilikwama kwenye jambo moja: machimbo ya zinki ya Kelmis, ambayo Wajerumani waliyaita Altenberg na Wafaransa Vieille Montagne, yaani Mlima Mkongwe. Kila upande uliyataka, na hakuna aliyekuwa radhi kumwachia mwenzake.

Tarehe 26 Juni 1816, mjini Aachen, wakatia sahihi suluhisho la muda. Eneo la Moresnet likakatwa mapande matatu: la magharibi likawa la Uholanzi, la mashariki la Prussia, na la katikati, lenye mgodi, likawekwa chini ya wote wawili mpaka watakapoelewana. Hawakuelewana kamwe. Suluhisho la muda likadumu hadi Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kipande hicho cha katikati kilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 3.5 hivi. Wakazi wake siku ya kugawanywa hawakufika 300.

Na je, wajua kilichorwaje? Kusini waliifuata barabara ya kutoka Aachen kwenda Liège, kisha kila upande wakapiga mstari mmoja ulionyooka hadi mistari miwili ikakutana kwenye kilima cha Vaalserberg. Pembetatu nyembamba, basi. Sisi tumezoea kuamini kwamba mipaka ya rula ilibuniwa kwa ajili ya Afrika. Ule mstari wa kutoka mto Umba hadi Ziwa Victoria, unaopinda kaskazini mwa Kilimanjaro na kuzitenganisha Kenya na Tanzania, ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886. Kelmis ulikuwa umeshakatwa kwa mkono wa aina hiyo hiyo miaka 70 kabla, na waliokatwa walikuwa wakulima wa Kizungu ambao nao hawakuulizwa neno.

Mwaka 1830 Wabelgiji walijitenga na Uholanzi, na Ubelgiji ikarithi kiti cha Uholanzi katika kuisimamia Moresnet. Ndiyo maana kilele cha Vaalserberg, chenye urefu wa mita 322 tu, kikawa mahali pa ajabu: hadi 1920 mipaka minne ilikutana pale, ya Uholanzi, Ubelgiji, Prussia na Moresnet isiyo na upande. Barabara ya kupanda kilima hicho upande wa Vaals bado inaitwa Viergrenzenweg, Njia ya Mipaka Minne, ingawa mipaka yenyewe imebaki mitatu.

Je, wajua kwamba kuna uwezekano mkubwa paa lililo juu ya kichwa chako lina udugu na mgodi wa Kelmis? Chukua bati jipya kabla halijapauka, ulitazame kwa karibu juani. Katika mabati mengi utaona mabaka mabaka yanayong'aa, kila baka likielekea upande wake, yenye kingo kali. Hayo ni maua ya zinki iliyoganda. Ndani ya bati mna chuma, na chuma kikipata mvua na hewa hushika kutu. Zinki iliyopakwa juu huliwa kwanza kwa niaba yake. Hata ukilikata bati kwa mkasi, ukingo mwembamba ulioachwa wazi huendelea kulindwa na zinki iliyo jirani. Mfaransa Stanislas Sorel ndiye aliyesajili njia hiyo ya kukinga chuma mwaka 1837. Mwaka huo huo ikaundwa kampuni ya Vieille-Montagne, iliyokuja kuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa zinki duniani.

Kabla ya hapo jiwe la Kelmis lilijulikana kwa karne nyingi, lakini kwa muda mrefu hapakuwa na mtu wa Ulaya aliyejua kuitoa zinki yenyewe humo kwa wingi. Walikuwa wakilisaga, wakalichoma pamoja na shaba nyekundu, wakapata shaba ya njano. Ukanda wote huu wa Aachen na bonde la Rhine uliishi kwa kazi hiyo. Na mwaka 2023 wanasayansi walionyesha kwamba shaba ya njano iliyotumiwa na mafundi wa Ufalme wa Benin, katika Nigeria ya leo, kusubu sanamu zao mashuhuri ilitoka bonde hilo hilo la Rhine, ikiwa imefika Afrika Magharibi kwa umbo la bangili nzito zilizotumika kama fedha. Kwa bangili hizo hizo walinunuliwa watu. Historia ya madini ya Ulaya haijawahi kuwa ya Ulaya peke yake.

Kwa nini zinki ilikuwa ngumu kuipata? Kwa sababu ya tabia yake motoni. Chuma na shaba zikipata joto la tanuri hutiririka chini na fundi akazikinga. Zinki huchemka ikifika nyuzi 907 tu, ikageuka mvuke, ikapotea na moshi. Lazima uikamate ikiwa mvuke, uipoze bila kuiachia hewa. Wahindi wa Zawar, Rajasthan, na Wachina walikuwa wamelifumbua fumbo hilo karne nyingi kabla. Huku Ubelgiji aliyefanikiwa kwa kiwango cha kiwanda ni Jean-Jacques Daniel Dony, kasisi wa Liège aliyependa kemia kuliko mimbari. Napoleon alimpa haki ya machimbo ya Kelmis mwaka 1806, naye akajenga matanuri yake.

Dony alipofaulu alimzawadia Napoleon beseni la kuogea lililotengenezwa kwa zinki, jepesi, la kusafiri nalo vitani. Beseni hilo lipo hadi leo katika jumba la makumbusho ya ufuaji vyuma mjini Liège. Dony mwenyewe hakutajirika: alifilisika, akafa mwaka 1819 akiwa masikini, na waliovuna ni waliokuja baada yake.

Paa za kijivu za Paris unazoziona katika filamu? Zinki. Mji ulipojengwa upya katikati ya karne ya 19, Vieille-Montagne iliuza karatasi za zinki kwa wingi mno huko, na Desemba 2024 UNESCO iliuingiza ufundi wa waezekaji wa Paris katika orodha ya urithi wa binadamu.

Na ile dawa ya rangi ya waridi ambayo mama humpaka mtoto mwenye tetekuwanga ili asijikune? Losheni ya kalamini. Unga wake ni wa zinki iliyochanganywa na chembe za kutu ya chuma zinazoipa rangi. Jina lake na jina la Kifaransa la mji huu ni moja, kwa kuwa zote zinalitaja jiwe lile lile.

Turudi kwa watu. Methali yetu husema wapiganapo tembo wawili nyasi ndizo huumia. Kelmis, tembo walisimama wakitazamana kwa miaka 100, na nyasi zikapata nafasi ya kumea. Kodi ilikuwa ndogo. Bidhaa za Ubelgiji na za Prussia ziliingia bila kutozwa ushuru, kwa hiyo maisha yalikuwa nafuu kuliko pande zote mbili za mpaka. Kazi ya mgodini ilikuwepo. Watu wakamiminika: Wabelgiji, Wajerumani, Waholanzi, na wengineo. Kufikia 1914 wakazi walizidi 4,000, na wale wenye asili ya Moresnet yenyewe walikuwa wachache miongoni mwao.

Sheria iliyotumika ilikuwa ya Napoleon, wakati Napoleon mwenyewe alikuwa ameshapelekwa uhamishoni. Hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuibadilisha peke yake, basi ikabaki.

Utawala? Makamishna wawili, mmoja wa kila upande, waliokuja kukagua. Chini yao meya wa kuteuliwa. Mwaka 1859 likaundwa baraza la watu kumi, la kushauri tu. Wakazi hawakuwahi kupiga kura ya kumchagua anayewatawala.

Fedha? Kisheria faranga ya Ufaransa, lakini muuza duka alipokea sarafu za Prussia, za Ubelgiji na za Uholanzi vilevile. Anayeishi Tunduma au Busia hahitaji kuelezwa hesabu hizo zinavyofanywa kichwani.

Kwa vijana, faida kubwa zaidi ilikuwa jeshi. Mwanzoni mzaliwa wa Moresnet hakuandikishwa jeshini popote. Unaweza kufikiri ni wangapi waliohamia kwa sababu hiyo! Ubelgiji ikaanza kuwaita wenye asili yake mwaka 1854, Prussia ikafuata 1874, na msamaha ukabaki kwa wazao wa wale wenyeji wa mwanzo peke yao.

Pombe kali ilitengenezwa bila kodi za majirani na ikavushwa kimagendo usiku kupitia misitu. Vilabu vya pombe vilijaa mjini. Lakini tusiupambe mji huu kupita kiasi. Aliyekuwa na nguvu hasa Kelmis ilikuwa kampuni: nyumba zake, maduka yake, hospitali yake, ajira yake. Mtu aliyefukuzwa mgodini alikuwa amepoteza zaidi ya mshahara. Mimi naamini hapo ndipo penye kiini cha hadithi hii: eneo lilibaki bila mwenyewe kwa sababu mgodi ulikuwa na mwenyewe.

Mgodi uliisha mwaka 1885. Na hapo wenyeji wakakabiliwa na swali zito: wafalme wawili waliogombea zinki, sasa zinki haipo, watawaacha?

Je, wajua kwamba jibu la kwanza lilikuwa stempu? Dk. Wilhelm Molly, tabibu wa mgodi, alianzisha huduma ya posta ya Moresnet mwaka 1886, akachapisha na stempu zake. Mji wenye posta yake huonekana kuwa nchi. Serikali za majirani zililiona jambo hilo vilevile, zikapiga marufuku, na huduma ikafa baada ya wiki chache. Stempu hizo leo zinatafutwa sana na wakusanyaji.

Jibu la pili likawa kasino, mwaka 1903, mara tu baada ya Ubelgiji kufunga za kwake. Nayo haikudumu.

Jibu la tatu ndilo linalonigusa. Mwaka 1908 Dk. Molly, pamoja na Mfaransa Gustave Roy, alipendekeza Moresnet iwe nchi ya kwanza duniani ya watu wanaozungumza Kiesperanto, ile lugha iliyotangazwa mwaka 1887 na daktari wa macho Ludwik Zamenhof. Zamenhof naye alizaliwa Białystok, mji ambamo Wapolandi, Warusi, Wajerumani na Wayahudi waliishi mtaa kwa mtaa, kila mmoja na lugha yake, mara nyingi kwa chuki. Alitaka lugha isiyo ya mkubwa yeyote. Molly alikuwa na ardhi isiyo ya mkubwa yeyote. Wazo lilikuwa na mantiki yake.

Nchi hiyo ingeitwa Amikejo, Mahali pa Urafiki. Tarehe 13 Agosti 1908 watu walifurika ukumbini Kelmis: hotuba zikatolewa, bendera ya rangi nyeusi, nyeupe na buluu ikapepea, na wimbo wa taifa ukaimbwa kwa Kiesperanto kwa mahadhi ya wimbo wa Krismasi wa Kijerumani, O Tannenbaum. Wakazi kadhaa wa Kelmis walikuwa wamehudhuria masomo ya lugha hiyo. Fikiria mtu aliyetoka kazini akiwa ameshiba Kijerumani cha wakubwa, Kifaransa cha ofisini na lahaja ya nyumbani, anakaa tena dawatini jioni kujifunza lugha ya nne ili mji wake upate sababu ya kuendelea kuwepo.

Tarehe 4 Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani yaliingia Ubelgiji, yakipita kijiji cha jirani cha Gemmenich. Huo ukawa mwisho. Mwaka 1915 Prussia ikajitwalia Moresnet bila kutambuliwa na nchi nyingine.

Je, wajua kwamba vita hivyo viliacha daraja? Karibu na Kelmis, juu ya bonde la mto Göhl, lipo daraja la reli la Moresnet lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja. Wajerumani walilijenga mwaka 1915 na 1916 wakiwatumia mateka wa Kirusi. Treni za mizigo kati ya bandari ya Antwerp na Ujerumani hupita juu yake mpaka sasa.

Sasa msomaji wa Bujumbura, Kigali na Dar es Salaam, hapa pana lako. Mkataba wa Versailles, uliotiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919 na kuanza kutumika tarehe 10 Januari 1920, uliipa Ubelgiji Moresnet isiyo na upande kwa kifungu cha 32. Mkataba ule ule, kwa kifungu cha 119, uliivua Ujerumani makoloni yake yote. Rwanda na Burundi zikaangukia Ubelgiji hiyo hiyo, kufuatana na mapatano ya Mwingereza Milner na Mbelgiji Orts ya mwaka 1919.  Mwaka 1921 Waingereza wakawapa Wabelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipate njia ya baharini. Dar es Salaam eneo hilo lilikuja kujulikana kama Belbase.

Waliulizwa? Watu wa Rwanda na Burundi, hapana. Watu wa Kelmis, hapana. Watu wa Eupen na Malmedy, majirani wa Kelmis waliokabidhiwa Ubelgiji katika mkataba huo huo, waliulizwa kwa namna yake: kulifunguliwa daftari la wazi, na asiyeitaka Ubelgiji aliandika jina lake mbele ya maofisa wa Ubelgiji. Kati ya wapiga kura zaidi ya 33,000, waliothubutu walikuwa 271. Eneo lote likawekwa chini ya Jenerali Herman Baltia, ambaye madaraka yake wanahistoria wameyafananisha na ya gavana wa koloni.

Hitler aliyarudisha maeneo hayo Ujerumani Mei 1940, na Kelmis, ambao haukuwahi kuwa wa Ujerumani kihalali, ukachukuliwa humo humo. Zaidi ya vijana 8,000 wa eneo hilo walivishwa sare za jeshi la Ujerumani, na wengi hawakurudi. Wamarekani walipowasili Septemba 1944, Kelmis ukawa wa Ubelgiji tena. Kisha zikaja kesi na mafaili. Familia ambayo mtoto wake alikufa katika sare aliyolazimishwa kuivaa ilitakiwa kueleza kwa nini aliivaa.

Piga hesabu ya mtu mmoja aliyezaliwa Kelmis mwaka 1903. Alizaliwa katika Moresnet isiyo na upande. Mwaka 1915 akawa wa Prussia. Mwaka 1920, Mbelgiji. Mwaka 1940, Mjerumani. Mwaka 1944, Mbelgiji tena. Uraia mara tano, na kitanda hakikusogezwa. Mwandishi wa Ubelgiji David Van Reybrouck aliandika kitabu kifupi juu ya mtu wa namna hiyo, Zink, kilichotoka mwaka 2016. Ndiye huyo aliyeandika kitabu kinene cha historia ya Kongo mwaka 2010, baada ya kuwasikiliza wazee wengi wa Kikongo. Naona si bahati tu kwamba mtu mmoja alivutwa na yote mawili.

Je, wajua lugha hasa ya Kelmis ni ipi? Inategemea umemuuliza nani, saa ngapi, na kwa shughuli gani. Shuleni na katika barua za ofisi ni Kijerumani sanifu. Dukani na kwa majirani wa Liège, Kifaransa kinatumika sana. Wazee wana lahaja yao, Platt, ambayo ni ya ukoo mmoja na zile za Aachen na Vaals, kiasi kwamba wazee wa nchi tatu waliweza kuketi pamoja na kusikilizana bila mkalimani.

Ubelgiji ina lugha rasmi tatu: Kiholanzi, Kifaransa na Kijerumani. Wengi husahau hiyo ya tatu. Jumuiya ya wasema Kijerumani ina manispaa tisa tu, Kelmis ikiwa mojawapo, na watu 80,000 hivi kwa jumla. Hata hivyo ina bunge lake na serikali yake, makao yakiwa Eupen. Mtaa mmoja mkubwa wa Nairobi unaweza kuwa na watu wengi zaidi.

Tangu sheria za lugha za 1963, Kelmis imo katika eneo la Kijerumani, lakini mkazi anayetaka kuhudumiwa na manispaa kwa Kifaransa ana haki hiyo kisheria. Na watoto wa shule za Kijerumani huanza kuzoezwa Kifaransa tangu chekechea.

Lakini kuuliza wanaozungumza nini ni wangapi, serikali haithubutu. Ubelgiji iliondoa swali la lugha katika sensa mwaka 1961, kwa sababu kila sensa ilikuwa ikisogeza mpaka wa lugha na kuwasha moto wa kisiasa. Sensa ya mwisho yenye swali hilo ilifanywa mwaka 1947.

Yale mapande matatu ya 1816 yaliishia wapi? Hili ni jambo linalostahili kujulikana zaidi. Mwaka 1977 manispaa za Ubelgiji ziliunganishwa. Kelmis, pande la katikati, likaungana na Neu-Moresnet, pande lililokuwa la Prussia, pamoja na kijiji cha Hergenrath. Baada ya miaka 161 wakawa ofisi moja. Lakini pande la tatu, kijiji chenyewe cha Moresnet kilichokuwa cha Uholanzi, liliwekwa katika manispaa ya Plombières, upande wa wasema Kifaransa. Wafalme wameondoka na mstari mmoja wao bado unafanya kazi, safari hii ukiwa mpaka wa lugha.

Bikoni zilizozunguka Moresnet zilikuwa 60. Zaidi ya 50 zingali zimesimama msituni na kando ya mashamba, mawe mafupi yaliyoota kuvu, na watembea kwa miguu huzifuata moja baada ya nyingine.

Je, wajua kwamba bunge hilo dogo la Eupen limewahi kufanya jambo ambalo nchi kubwa zinalichunguza? Mwaka 2019 lilianzisha baraza la kudumu la wananchi 24 wanaopatikana kwa bahati nasibu, si kwa uchaguzi, na umri wa kushiriki unaanzia miaka 16. Baraza huchagua mada, kundi jingine la wananchi hujadili, na bunge linawajibika kujibu mapendekezo yao. Mkazi wa Kelmis ambaye babu yake hakuwahi kuulizwa chochote anaweza siku moja kupokea barua ya kumwita akaseme.

Hata maua ya Kelmis yana habari. Katika udongo wa Kelmis uliojaa zinki, mimea mingi hudhoofika na kufa. Lakini huota ua dogo la manjano, aina ya urujuani, ambalo wataalamu huliita Viola calaminaria. Ni la kanda hii ya kati ya Aachen na Liège, na linapenda penye zinki. Jirani yake, mmea mfupi wenye maua meupe uitwao Noccaea, hufyonza zinki hadi majani yake makavu yakawa nayo zaidi ya asilimia moja ya uzito. Watafutaji madini wa zamani walitazama maua kabla ya kuchimba. Watu wa Katanga wanalijua jambo hilo vizuri, maana kwao lipo ua la shaba, Haumaniastrum katangense, lililowaonyesha wachimbaji palipo na shaba.

Na Katanga ndiko njia inakotupeleka. Kampuni ya Vieille-Montagne iliendelea na viwanda vyake sehemu nyingine kwa miaka zaidi ya 100 baada ya mgodi wa Kelmis kuisha. Mwaka 1989 ikamezwa na Union Minière, kampuni ile ile iliyoanzishwa mwaka 1906 kuchimba shaba ya Katanga, ambayo migodi yake ya Kongo ilitaifishwa chini ya Mobutu na kuzaa Gécamines. Tangu 2001 Union Minière inaitwa Umicore. Jengo la zamani la wakuu wa Vieille-Montagne pale Kelmis limekuwa jumba la makumbusho tangu 2018.

Sasa nenda Kipushi, kilomita 30 hivi kusini magharibi mwa Lubumbashi. Ni mji wa mpakani, Zambia iko pale pale. Ofisini watu huandika Kifaransa, sokoni huongea Kiswahili. Union Minière ilifungua mgodi wake hapo mwaka 1924, na humo mna shaba na zinki, zinki tajiri kuliko karibu migodi yote inayojulikana. Ulisimama mwaka 1993. Kwa miaka 30 vijana wa Kipushi walikua wakitazama mnara wa mgodi usiotoa madini. Mwaka 2024 zinki ilianza kutoka tena.